Mwiko au tepu? Ulinganisho kwa mwanaakiolojia anayewaza kuhamia utafiti wa misitu

Tulikuwa Usambara Mashariki tunachukua sampuli za udongo ndani ya ploti, kipande cha msitu kilichopimwa ili miti yake ihesabiwe. Unazungusha kekee ya udongo mpaka sentimita 30, unaitoa, unamimina udongo kwenye mfuko, unaandika namba, unahamia pointi inayofuata. Kwenye pointi ya tatu kekee ikagota. Tulipoitoa, ilikuwa imeng'ang'ania kigae chekundu cha chungu, kipana kama vidole vitatu, ukingo wake umechanjwa mistari ya mshazari. Mwenzangu wa mimea akakishika akitupe kando. Kwake ulikuwa uchafu uliotuharibia sampuli. Nikamwomba anisubiri kidogo.

Kabla ya kuingia misituni nilishinda misimu saba nikichimba magofu ya pwani, na kigae kile nilikihisi kabla hata sijakifuta tope. Kilifanana sana na vyungu vya Kwale, vile ambavyo Robert Soper aliviandikia mwaka 1967 kutokana na uchimbaji wake kule Kwale, Kenya, na ambavyo baadaye vilionekana mpaka Pare na Usambara. Ni vyungu vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Mahali ambapo fomu yetu ilipaita "msitu usioguswa", mtu alishawahi kuinjika chungu na kuwapikia watoto wake.

Tangu nihame, vijana waliosoma akiolojia wananiuliza mara kwa mara: nibaki nilipo, nihamie moja kwa moja kwenye misitu, au kuna namna ya kusimama mpakani? Nitazipanga njia zote tatu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe. Mimi nilihama, na sijutii. Lakini rafiki zangu wawili niliowategemea zaidi shimoni walibaki, na nikitazama kazi zao leo sioni walichokosea.

Siku ya kazi inavyokwenda

Akiolojia ni kazi ya kukaa mahali pamoja. Unapima mita mbili kwa mbili, unazungushia kamba, na hapo ndipo nyumbani kwako kwa wiki tatu. Unashuka sentimita tano au kumi kwa awamu, udongo wote unapita kwenye chekeche, na kila rangi ikibadilika unasimamisha mwiko wako wa kuchimbia na kuchora. Jioni mnakaa mduara mnaosha vigae kwa miswaki. Anayelipia kazi hii ni magoti na mgongo, na jua la Kilwa au Kaole halina huruma na mtu aliyeinama.

Msitu ni kazi ya miguu na mapafu. Ploti ya hekta moja ni mraba wa mita 100 kwa 100, na huenda umepanda saa tatu kabla hujaiona kona yake ya kwanza. Kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 10 unapimwa kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini, unagongelewa kibati cha namba na kuchorwa mstari wa rangi pale pale tepu ilipopita, ili atakayekuja miaka mitano baadaye asipime juu zaidi wala chini zaidi. Misitu ya tropiki ya Afrika huwa na miti mia nne na kitu kwa hekta. Ukiwa ofisini unaiona hesabu hiyo ndogo. Ukiwa kwenye mteremko wa Uluguru, mvua inakuingia shingoni, mbele yako kuna mti ambao mizizi yake imetanuka kama mbao na kupanda kuliko kichwa chako, ndipo unapoelewa kwa nini timu imebeba ngazi. Ukiizungushia tepu mizizi ile umeupa mti unene usio wake, na kosa hilo litaishi ndani ya takwimu miaka yote.

Halafu kuna siafu, kupe, upupu, na kule Udzungwa kuna tembo ambao lazima msikilize kabla ya kuvuka bonde. Mwanaakiolojia anayedhani anaijua kazi ya shambani kwa sababu amelala kwenye hema atapata mshangao wiki ya kwanza. Mimi niliupata, na mpaka leo nikipanda nakuwa wa nyuma.

Kuna jambo moja linalozifananisha sana. Kazi zote mbili zinasimama juu ya daftari. Aliyezoea kuandika tarehe, kina, rangi, hali ya hewa na majina ya waliokuwepo, bila kusubiri jioni, ataheshimiwa msituni kuanzia siku ya kwanza.

Kosa lipi unaweza kulibeba

Hili ningependa mtu alipime kabla ya mshahara.

Kwenye akiolojia tunafundishwa mapema kwamba kuchimba ni kubomoa. Tabaka ukishaliondoa haliwezi kurudi, na kinachobaki ni michoro yako tu. Ni mzigo mzito. Ila unakuja na ahueni yake, maana kitu chenyewe kimeshakaa ardhini miaka elfu moja, na kisipochimbwa mwaka huu kitakaa mingine. Ndiyo maana mchimbaji mwenye adabu huacha sehemu ya eneo bila kuigusa, awaachie watakaokuja na vifaa bora. Muda uko upande wako.

Msituni ni kinyume. Ploti unaweza kuipima upya, na ukikosea mwaka huu utasahihisha mwaka wa tano. Makosa ya mtafiti yanarekebishika kwa sehemu kubwa. Kisichosubiri ni msitu wenyewe. Chukua chura wa Kihansi. Watafiti walimgundua mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, kando ya milima ya Udzungwa, eneo dogo mno. Bwawa la umeme likaanza kazi mwaka 2000, maji ya maporomoko yakapungua, ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Tunaye leo kwa sababu baadhi yao walikuwa wamechukuliwa kulelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Kati ya kugunduliwa na kutoweka ilipita miaka 13. Mwanaakiolojia anaweza kutumia miaka 13 kuandika ripoti ya kisima kimoja cha kale, na wala hatumlaumu.

Mwaka wangu wa tatu tulirudi kwenye ploti niliyoipima mwenyewe. Nilikuwa natafuta mkulo mmoja mkubwa, mti ambao gome lake ukilichanja linanukia kafuri. Nilikuta kisiki, vumbi la msumeno bado lina rangi ya machungwa, na kibati changu cha namba kimelala juu yake, kimenyooka, kama mtu aliyekiweka kwa adabu. Kwenye fomu kuna herufi ya kuandika mti ukifa na herufi nyingine ukikatwa. Niliandika, nikaenda kwenye mti uliofuata. Usiku sikulala vizuri. Kama wewe ni mtu ambaye jambo hili litamvunja, fikiri sana. Kama ni mtu ambaye litamrudisha msituni mwaka unaofuata, huenda huku ndiko kwako.

Unachokwenda nacho

Wengi wanadhani wakihama wanaanza sifuri. Si kweli, na nina visa viwili ninavyovipenda.

Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini Udzungwa waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu ya ndege wasiyemtambua. Walipofuatilia wakampata kwale wa Udzungwa, ndege mpya kabisa kwa sayansi. Mwanaakiolojia anayesikia kisa hiki hashangai, kwa kuwa kazi yetu ni kusoma mifupa ya mlo wa watu. Jalala la mjini Kilwa linatueleza samaki gani walikuwa wengi baharini, mbuzi wangapi walichinjwa, kasa walianza kupungua lini.

Kisa cha pili ni cha kipunji. Mapema mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakiwahoji Wanyakyusa karibu na Mlima Rungwe kuhusu wanyama na uwindaji walisikia habari za nyani fulani mwenye haya. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari, kipunji. Mwaka 2005 akaandikwa kisayansi, akiwa ameonekana Rungwe na pia Ndundulu huko Udzungwa, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Mnyama mkubwa kiasi kile alipatikana kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza bila haraka. Sisi tulifundishwa hivyo hivyo. Hakuna anayechimba mji wa kale bila kwanza kuuliza nani alizikwa wapi, mto ulihamia lini, na kwa nini mahali fulani hapalimwi.

Kuna pia jicho la ardhi. Ukitembea na mtaalamu wa mimea yeye anaangalia juu. Wewe utaona tuta lililo sawa mno kuwa la asili, mafiga matatu yaliyofunikwa na majani, mwembe uliosimama katikati ya msitu, mchikichi mahali pasipotarajiwa, takataka nyeusi za kuyeyushia chuma kwenye korongo. Karibu na Amani, kila nikiona mihesi imejaa eneo moja najua msitu ulifunguliwa hapo zamani, kwa sababu mti huo uliletwa wakati wa ukoloni na hushika haraka penye mwanga. Miti nayo ina matabaka, ila haya yamesimama wima.

Baada ya kile kigae niliomba fomu ya ploti iongezwe safu moja: "dalili za watu wa zamani". Mwanzoni ilikuwa tupu kurasa nyingi. Sasa wenzangu wa mimea ndio wanaoijaza kuliko mimi.

Unachokosa

Majina ya miti. Nitasema wazi kwa kuwa mimi mwenyewe nilidharau. Kwenye msitu mrefu majani yako mita thelathini au arobaini juu, huyaoni. Unatambua kwa gome, kwa harufu, kwa rangi ya utomvu baada ya kuchanja kidogo kwa panga, kwa majani makavu yaliyoanguka, nayo majani yaliyoanguka yanaweza kuwa ya jirani. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa kijijini asiye na cheti chochote. Alikuwa anapiga shina kwa ubapa wa panga, ananusa, ananiambia jina la Kisambaa: msambu, mtambaa, mkulo, mnyasa. Usiku ninatafuta jina la Kilatini kwa tochi. Nilitumia miaka miwili mpaka akaacha kunisahihisha kila mti wa tatu, na sidhani kama kuna njia ya mkato. Ukihama bila kukubali kuwa mwanafunzi wa mzee kama huyo, utabaki mtu wa kushika tepu.

Jambo la pili ni takwimu. Kwenye akiolojia unaweza kwenda mbali kwa kuhesabu vigae na kuchora jedwali. Msituni utaulizwa kwa nini umeweka ploti hapa na si pale, makadirio yako yana upana gani wa makosa, na kama tofauti unayoidai ipo kweli. Programu ya takwimu iitwayo R ni ya bure, jifunze kabla hujahama. Umuhimu wake si wa darasani tu. Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na Aida Cuni-Sanchez ilikusanya vipimo vya ploti za misitu ya milimani katika nchi 12 za Afrika na kukuta hekta moja inabeba wastani wa tani 149 hivi za kaboni, kwa sehemu ya miti iliyo juu ya ardhi peke yake, bila mizizi. Makadirio ya kimataifa yaliyokuwa yakitumika yalikuwa chini sana ya hapo. Nchi yenye misitu kama yetu inaingia kwenye mazungumzo ya tabianchi na namba, na namba hizo zinatokana na watu waliobeba ngazi.

Shule na vibali

Hapa nitapita haraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu mwaka 1985. Upande wa misitu nyumbani kwake ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambacho kina hata msitu wake Mazumbai, Usambara Magharibi. Ukitaka shahada ya uzamili huko na shahada yako ya kwanza ni ya akiolojia, uliza masharti ya kujiunga mwaka mmoja kabla, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

Kuchimba unahitaji leseni ya Idara ya Mambo ya Kale chini ya sheria ya mwaka 1964. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu unapitia TFS, wakala wa misitu, hifadhi ya taifa inapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na msitu wa kijiji unaanzia kwa mwenyekiti na halmashauri ya kijiji, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kumiliki hifadhi yake. Kwa Tanzania mambo ya kale, misitu na wanyamapori vyote viko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na magofu ya Kilwa Kisiwani yamekuwa yakisimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Kwa hiyo huvuki mpaka wa nchi. Unahama chumba ndani ya nyumba moja.

Ajira

Akiolojia ina milango michache na foleni ndefu. Kuna vyuo, Makumbusho ya Taifa, Idara ya Mambo ya Kale, Ngorongoro kwa wale wa Olduvai na Laetoli, na kwa Kenya kuna Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mlango uliopanuka ni wa tathmini za miradi mikubwa. Barabara, mabwawa, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga vyote vimehitaji watu wa kukagua malikale kabla ya katapila kupita. Kazi hiyo inalipa vizuri kwa miezi, kisha kimya.

Misitu ina milango mingi zaidi: TFS, taasisi ya utafiti wa misitu TAFORI kule Morogoro, mashirika ya uhifadhi wa misitu kama TFCG iliyoanza mwaka 1985, mtandao wa MJUMITA wa jamii zinazosimamia misitu, miradi ya kaboni, na watafiti wa vyuo vya nje wanaohitaji mtu anayejua eneo. Lakini mingi ni ya mradi. Miaka mitatu, mfadhili anaondoka, gari linarudishwa, nawe unaanza kutuma barua. Niliwahi kukaa miezi mitano bila mshahara kati ya mradi na mradi, na familia ilihisi. Mwenye watu wanaomtegemea asihame mpaka awe na akiba ya nusu mwaka mkononi. Ninaamini kwa ujumla nafasi ni nyingi upande wa misitu kwa mtu wa miaka ishirini na kitu. Kwa mwenye miaka arobaini na nafasi ya kudumu chuoni au makumbusho, sioni busara ya kuiacha. Akitaka msitu aushirikishe akiwa hapo hapo.

Kijijini wanakuonaje

Mwanaakiolojia akifungua shimo, siku ya pili tayari kuna uvumi kwamba anatafuta dhahabu ya Wajerumani. Inachosha, lakini dawa yake ni rahisi. Waalike waje waangalie, wape watoto brashi, waonyeshe kwamba kilichotoka ni vigae na mifupa ya samaki. Kufikia wiki ya pili mama lishe wa jirani anakueleza bibi yake alivyofinyanga.

Mtafiti wa misitu anabeba kitu kizito zaidi. Ukija na tepu, rangi nyekundu na GPS, mtu wa kijijini anaona mpaka unachorwa. Na ana sababu. Wakulima wa iliki wa Derema, Usambara Mashariki, waliacha mashamba yao yaliyokuwa chini ya miti ili misitu miwili iunganishwe. Lengo lilikuwa zuri, na ushoroba ule ni muhimu kweli kwa viumbe vya pale. Lakini mtu aliyepoteza iliki yake hatakuitikia salamu kwa moyo mweupe, na kumlaumu kwa hilo ni kutomwelewa. Siku nyingine utaulizwa moja kwa moja: mwanangu, mkishamaliza kuhesabu miti yetu, sisi mtatupeleka wapi? Nimekaa kwenye mkeka nikiulizwa swali hilo na mama wa makamo, na jibu la takwimu halikumsaidia yeye wala mimi.

Nadhani hapo mwanaakiolojia aliyehama ana deni la pekee. Uhifadhi kwa muda mrefu ulizungumza kama msitu ulikuwa wa wanyama peke yao mpaka watu walipouvamia jana. Sisi tuna ushahidi wa vitu kwamba si hivyo. Tazama kaya za Wamijikenda, pwani ya Kenya. Zilikuwa makazi yenye boma na makaburi ndani ya msitu. Watu walipohamia nje wakapaacha patakatifu, wazee wakaendelea kupalinda, na leo ni miongoni mwa mabaki ya thamani kubwa ya misitu ya pwani. Henry Mutoro alizifanyia utafiti wa kiakiolojia na kumaliza shahada yake ya uzamivu mwaka 1987, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye Urithi wa Dunia. Mtaalamu wa mimea anaingia Kaya Kinondo akihesabu spishi. Mwanaakiolojia anaingia akiuliza kwa nini bado zipo.

Kusimama mpakani

Njia hii ndiyo yenye sayansi tamu kuliko zote mbili, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa maisha ya mtu.

Pango la Panga ya Saidi, Kilifi, limeonyesha kwamba watu waliishi pembezoni mwa msitu wa pwani kwa miaka 78,000 hivi, wakitumia msitu na nyika kwa pamoja. Humo ndimo alimopatikana mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa amekunjwa ubavu. Timu iliyomtangaza mwaka 2021 ilikuwa na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Juu kabisa Uluguru, kwenye kinamasi cha Deva-Deva, Jemma Finch na wenzake walitoa nguzo ndefu ya matope yenye chavua za takriban miaka 48,000, na chavua hizo zinaonyesha msitu wa milimani uliendelea kuwapo hata dunia ilipokuwa kwenye baridi kali. Kaskazini ya Bonde la Kongo, utafiti wa mwaka 2017 ulikuta miti mingi mikubwa inayopenda mwanga ilianza kuota kama miaka 165 kabla, watu walipohamishwa na kuondoka kwenye mashamba yao ya msituni. Leo miti hiyo haizai watoto wa kutosha chini ya kivuli. Anayetaka kuivuna kwa uendelevu bila kujua historia ya mashamba yale atakosea hesabu. Na Buhaya, Kagera, tanuru za chuma alizochimba Peter Schmidt zimebaki na mkaa. Kipande cha mkaa hutunza umbo la chembe za mti, hivyo chini ya hadubini unaweza kujua walikata miti ya aina gani.

Sasa gharama zake. Unahitaji ujuzi wa maabara ulio wako mwenyewe: chavua, mkaa, au vijiwe vidogo vya mimea vinavyobaki kwenye udongo. Vipimo vya radiokaboni, vya kujua umri wa mkaa au mti, kwa kawaida vinapelekwa nje na vinalipiwa kwa dola. Miti mingi ya tropiki haina pete za mwaka zinazosomeka, kwa hiyo huwezi kukwepa vipimo hivyo. Ombi lako la fedha likienda kwa watu wa misitu wanasema ni historia, likienda kwa watu wa akiolojia wanasema ni ikolojia. Na hakuna tangazo la kazi Tanzania linaloandikwa jina la fani hii. Mshika mbili moja humponyoka, na nimeona wakiponyokwa na zote. Waliofaulu ninaowajua walikuwa na mguu mmoja uliosimama imara kwanza, chuoni au makumbusho, ndipo wakaupeleka wa pili.

Ningemshauri nani nini

Baki kwenye akiolojia kama kinachokuamsha usiku ni watu: aliyefinyanga chungu, aliyejenga msikiti wa Kaole, aliyekula nini. Baki pia kama unapenda jambo limalizike. Ripoti ya uchimbaji ina mwisho. Ploti haina.

Hamia misitu kama unajikuta kwenye eneo la uchimbaji unauliza habari za mti uliosimama ukingoni mwa shimo kuliko vilivyomo shimoni. Hama ukiwa kijana, ukiwa tayari kufundishwa upya na kupokea mshahara wa mtu anayeanza, na ukubali kwamba utashuhudia hasara nyingi zaidi ya ushindi.

Mpakani uende ukiwa tayari una kiti mahali fulani, au una msimamizi wa shahada ya uzamivu mwenye maabara, si ahadi ya maabara.

Na kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, omba ukae wiki mbili na timu ya ploti au ya kamera za mtego. Udzungwa, pale Mang'ula, kuna kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia, na Amani ina nyumba za watafiti na wazee wanaojua miti. Nenda mwezi wa nne mvua ikiwa imeshika, usiende kiangazi. Kiangazi kila mtu anaupenda msitu. Chukua buti za mpira, soksi ndefu za kuzuia kupe, daftari la karatasi zisizoloa, na ule mwiko wako. Timu itakuuliza wa nini. Wakichimba shimo la udongo utakuwa na sababu ya kuutoa.